Samaki na maji yanayobadilika: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wafugaji wa mabwawa, wenye vizimba ziwani, walimu wa baiolojia, na wavuvi waliokuta samaki wanaelea asubuhi bila jeraha wala alama ya wavu. Wengi huanza na imani kwamba samaki ni kiumbe wa maji, kwa hiyo maji yoyote yatamfaa. Lakini maji yakibadilika, damu ya samaki hubadilika nayo, na mwili wake hufanya kazi ya ziada ili abaki hai. Kazi hiyo ina gharama. Anailipa kwa ukuaji wake, kwa mayai yake, na wakati mwingine kwa uhai wake.

Tunasema samaki "huzoea". Kuzoea huko ni nini hasa mwilini?

Neno hilo moja limebeba mambo matatu, kila moja na mwendo wake. La kwanza hutokea ndani ya dakika: oksijeni ikipungua, samaki hupitisha maji mengi zaidi kwenye matamvua, moyo wake hupunguza mapigo, naye huacha kuhangaika. La pili huchukua siku hadi wiki kadhaa. Hapo mwili hutengeneza vimeng'enya (protini zinazoharakisha kemia ya mwili) vya aina nyingine, hubadilisha mafuta ya kwenye kuta za seli, huongeza chembe nyekundu za damu na kujenga upya seli za matamvua. La tatu ni la ukoo mzima: wenye maumbile yanayofaa huzaa, wasiofaa hufa bila kuacha kizazi, na miaka ikipita samaki wa mahali pale huwa wa namna nyingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu kulichanganya kunaua samaki. Anayemwaga vifaranga kwenye maji yaliyozidi nyuzi 5 kuliko waliyotoka, akisema "watazoea tu", anataka kazi ya wiki mbili ifanyike kwa dakika mbili.

Kwa nini joto la maji lina nguvu kubwa hivyo juu ya samaki?

Kwa sababu hana pa kulikwepa. Damu yake yote hupita kwenye matamvua, na kati ya damu hiyo na maji kuna utando mwembamba sana. Joto la damu hulingana na la maji kabla haijafika mwilini. Jodari na jamaa zake wachache wana mishipa iliyopangwa kwa namna ya kubakiza joto la misuli, lakini hao ni wachache kweli.

Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kemia ya mwili wa samaki huenda kasi mara mbili hadi tatu. Anataka chakula zaidi na oksijeni zaidi. Upande wa pili, maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Kwenye usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Mwanza na Kisumu, zilizo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hupata pungufu ya hapo. Mahitaji yanapanda saa ileile ghala linapopungua.

Kuna badiliko jingine lisiloonekana kwa macho. Kila mpishi anajua kwamba mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi, ya alizeti yakabaki majimaji. Kuta za seli za samaki zimejengwa kwa mafuta pia, na zinapaswa kuwa laini kwa kiasi: zikiganda, hakuna kinachopita, zikilegea mno, kila kitu kinavuja. Maji yakipoa, mwili wa samaki huongeza mafuta ya namna ya alizeti kwenye kuta hizo. Yakipata joto, huyapunguza. Kazi hiyo ndiyo inayohitaji siku na wiki nilizozitaja.

Samaki wetu wa nchi za joto si wameshazoea joto?

Wamezoea joto lao. Samaki wa miamba ya matumbawe ya pwani yetu ameishi vizazi vingi kwenye bahari isiyobadilika sana mwaka mzima, na kiwango cha juu anachoweza kukivumilia kiko karibu mno na joto analoishi nalo kila siku. Samaki wa nchi zenye majira ya baridi kali ana nafasi pana zaidi ya kupanda na kushuka. Ndiyo maana nyuzi 2 zinazoonekana ndogo kwenye karatasi si ndogo kwa samaki wa Mafia au Watamu. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida na matumbawe kugeuka meupe kwenye eneo kubwa la Bahari ya Hindi magharibi, samaki walipata pigo mara mbili: maji yenyewe, na nyumba waliyoipoteza.

Joto hugusa hata jinsia. Vifaranga wa sato wakilelewa siku zao za mwanzo kwenye maji ya nyuzi 36 hivi, wengi wao hukua kuwa madume, hata wale ambao maumbile yao ya kurithi ni ya jike.

Alfajiri samaki wangu wote wako juu wanatweta. Wana ugonjwa?

Mara nyingi ni kukosa oksijeni, na ukichelewa utawakuta wanaelea. Mchana mwani wa bwawani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku hautengenezi tena, bali huitumia pamoja na samaki na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula na samadi. Saa mbaya kuliko zote ni kabla tu ya jua kuchomoza. Bwawa la kijani kibichi sana, ambalo mwenyewe hujivunia kwamba "lina chakula", ndilo linaloporomoka vibaya zaidi.

Wakija juu, samaki wanatafuta ule utando wa maji wa milimita chache unaogusana na hewa, ambao bado una oksijeni. Ndani ya damu kuna jambo jingine: chembe nyekundu hupunguza aina fulani za fosfati zilizomo ndani yake, na hemoglobini, kitu chekundu cha damu kinachobeba oksijeni, ikaishika oksijeni kwa nguvu zaidi hata pale ilipo haba. Sato ni hodari kwa hili. Huweza kustahimili chini ya miligramu 1 kwa lita kwa muda mfupi, lakini hapo hakui, hali vizuri, na magonjwa humpata kwa urahisi.

Usiwape chakula asubuhi hiyo. Kumeng'enya chakula kunatumia oksijeni, na ukiwalisha unawaongezea deni. Ingiza maji mapya kwa kuyarusha yapige hewa, washa kipuliza hewa kama unacho, acha samadi mpaka maji yapungue ukijani, na subiri jua lipande ndipo ulishe.

Kwa nini samaki wa vizimba hufa kwa maelfu usiku mmoja, na walio huru ziwani wakapona?

Ziwa Victoria lina wastani wa kina cha mita 40, na sehemu ya mwaka maji yake hujipanga kwa matabaka: ya juu ni ya uvuguvugu na yana hewa, ya chini ni baridi zaidi na oksijeni yake ni kidogo au haipo kabisa, kwa sababu ya kuoza kwa mwani unaozama. Upepo mkali au kubadilika kwa majira huweza kuyaleta juu yale ya chini. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa namna hiyo.

Samaki aliye huru huhisi maji mabaya na kuondoka. Watu hawaihesabu hiyo kuwa uwezo wa mwili, lakini ndiyo kinga ya kwanza na ya bei nafuu kuliko zote. Kizimba humnyang'anya. Kilichobaki ni kupumua haraka na kutumia akiba, na akiba ya samaki aliyebanwa na mamia ya wenzake haifiki mbali. Kwa hiyo mahali pa kuweka kizimba, kina cha maji chini yake na idadi ya samaki ndani yake ni maswali ya afya ya samaki kabla hayajawa ya biashara.

Ziwani penyewe, sangara ni miongoni mwa wa kwanza kudhurika, kwa kuwa anahitaji oksijeni nyingi kuliko wengi wa majirani zake. Baadhi ya furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, hujificha kwenye maji yenye oksijeni kidogo ambako sangara hawezi kuwafuata.

Kambare anaishije kwenye tope ambalo sato angekufa?

Anavuta hewa. Juu ya matamvua yake kuna kiungo chenye matawi mengi kama kichaka kidogo, kimejaa damu, na akipanda juu anameza pumzi na kuihifadhi humo. Lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 20 kuliko lita ya maji, kwa hiyo pumzi moja ni utajiri. Ndiyo maana kambare hubaki hai kwenye ndoo sokoni kutwa nzima, na usiku wa mvua huweza kutambaa kwenye nyasi mbichi kutoka dimbwi moja hadi jingine.

Na kamongo? Ni kweli analala ardhini?

Ni kweli. Huyu ana mapafu hasa, na akiwa mkubwa oksijeni yake nyingi hutoka hewani. Ukimzuia na wavu asifike juu, atazama na kufa kama mtu.

Kinamasi kikikauka, kamongo huchimba tope, hujikunja humo na kutoa ute unaokauka ukawa kama ganda, ukiacha tundu mdomoni la kupumulia. Moyo hupungua mapigo, hali kitu, huishi kwa kula misuli yake mwenyewe taratibu. Hatari yake kubwa ni taka. Protini ikivunjwa hutoa amonia, ambayo ni sumu, na kwa kawaida samaki huiachia majini kupitia matamvua. Asiye na maji ataipeleka wapi? Kamongo huigeuza kuwa yurea, ambayo sumu yake ni ndogo mno, akairundika mwilini miezi yote mpaka mvua irudi. Maabara, kamongo wameishi hivyo zaidi ya mwaka. Kamongo wa Ziwa Victoria wenyewe mara nyingi hawana haja ya kulala hivyo, maana ziwa halikauki. Uwezo wanao, hawautumii.

Samaki gani amejirekebisha kuliko wote hapa kwetu?

Kwangu mimi, bila kusita, ni perege mdogo wa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, *Alcolapia grahami*. Sehemu kubwa ya ziwa hilo imefunikwa na gamba la magadi, yaleyale tunayolainishia maharage. Samaki hawa huishi kwenye vidimbwi vya kandokando, panapotoka chemchemi za moto. Maji yana pH ya karibu 10, yaani ni ya magadi makali yasiyo na uasidi, joto hupita nyuzi 40, na usiku oksijeni huisha. Samaki wa kawaida akitiwa humo hafiki mbali.

Tatizo lake kubwa ni lilelile la kamongo, ingawa huyu yumo majini saa zote. Amonia hutoka kwenye matamvua kwa urahisi pale maji yanayoyagusa yana uasidi kidogo, kwa sababu uasidi huinasa isirudi. Maji ya magadi hayana uasidi wa kuinasa. Mlango uko wazi lakini taka haitoki. Kwa hiyo perege wa Magadi hutoa karibu taka yake yote ya naitrojeni kama yurea. Wanasayansi wakiongozwa na David Randall, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Kenya, walilitangaza jambo hilo mwaka 1989. Baadaye ikaonekana kwamba hata misuli yake hutengeneza yurea, kazi ambayo kwa wanyama wengi ni ya ini.

Kutengeneza yurea kunatumia nguvu nyingi, na kuishi kwenye joto hilo kunatumia zaidi. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwenye vidimbwi vya moto kabisa samaki huyu hutumia oksijeni kwa kasi ya kulingana na mnyama mdogo mwenye damu moto. Anakula mwani karibu mchana kutwa ili alipie gharama hiyo. Usiku hewa ikiisha majini, hupanda juu na kumeza pumzi. Nimelieleza jambo hili darasani mara nyingi na bado linanigusa: samaki wa kukaa kiganjani, anayeishi palipo ukingoni kabisa mwa uwezekano. Ndugu zake wa aina tatu nyingine wako Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Kinachoharibu chemchemi hizo kinawaharibu wao, kwa kuwa hawana pengine pa kwenda.

Samaki wa mtoni akiingia baharini anakufa kwa nini? Maji si maji?

Kata kabichi na vitunguu vya kachumbari, nyunyizia chumvi, subiri kidogo. Utaona maji yamejaa bakuli. Samaki wa maji yasiyo na chumvi akitumbukizwa baharini hupatwa na jambo hilohilo. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na damu ya samaki wengi ina kama theluthi ya hapo, hivyo maji humtoka mwilini. Mtoni hali ni kinyume: maji humwingia bila kukoma na chumvi humtoka, naye hukojoa mkojo mwingi usio na chumvi, huku seli maalumu za matamvua zikivuta chumvi chache zilizomo majini.

Samaki wa baharini hunywa maji ya bahari, kisha seli za matamvua husukuma chumvi nje. Mwenye uwezo wa kuhama lazima azigeuze pampu hizo zifanye kazi upande wa pili. Homoni ya prolaktini huandaa mwili kwa maji yasiyo na chumvi, kortisoli humwandaa kwa bahari, na ujenzi wa seli mpya huchukua siku kadhaa.

Mwatiko ni bingwa wa hili, ndiyo maana hufugwa pwani kwenye mabwawa ambayo wakati wa kiangazi huzidi bahari kwa chumvi. Perege wa Rufiji naye huvumilia chumvi vizuri. Sato hafikii hapo. Mkunga wa mtoni, anayepatikana Tana, Sabaki, Pangani na Rufiji, hukaa miaka mingi kwenye maji yasiyo na chumvi, kisha siku yake ikifika huacha kula, utumbo husinyaa, macho hukua, ngozi hung'aa kama fedha, naye hushuka baharini kuzaa mara moja na kufa. Mwili wake hujiandaa kwa bahari kabla hajaionja.

Papa ana njia yake: hujaza yurea kwenye damu ili maji yasimtoke. Papa wa aina ya *Carcharhinus leucas* wanaopanda mto Zambezi hulazimika kuipunguza na kukojoa sana wawapo huko.

Nihamisheje vifaranga bila kuwaua?

Usiwalishe siku moja kabla ya safari, wasichafue maji ya mfuko. Ukifika, acha mfuko uelee juu ya maji ya bwawa dakika 20 hadi 30 ili joto lilingane, kisha tia maji ya bwawa mfukoni kidogo kidogo kabla ya kuwaachia. Chagua asubuhi iliyokwisha pata jua kidogo, au jioni, usifanye saa saba mchana. Kama unawapeleka kwenye maji ya chumvi, pandisha kidogo kila siku, gramu 5 kwa lita au pungufu. Ni kazi ya wiki nzima. Ukiona wamesusa chakula, simama hapo hapo usiongeze.

Dimbwi lilikauka kabisa, mvua ikanyesha, samaki wakaonekana. Walitoka wapi?

Watu husema wameshuka na mvua. Walikuwa kwenye tope, ndani ya mayai. Wapo samaki wadogo wa rangi nzuri wa jenasi ya *Nothobranchius*, mmoja wao akipatikana Unguja, ambao wazazi hufa dimbwi likikauka na mayai hubaki udongoni. Kijusi husimamisha ukuaji wake, hata mapigo ya moyo, akasubiri miezi. Mayai hayaamki yote kwa mvua moja. Mengine hubaki, ili mvua ikiwa ya kudanganya ukoo usiishe. Aina moja ya Msumbiji na Zimbabwe hufika umri wa kuzaa kwa wiki mbili tu baada ya kuanguliwa.

Kuna samaki anayeishi bila oksijeni kabisa?

Yupo mmoja maarufu, jamaa wa samaki wa dhahabu, anayeishi kwenye mabwawa ya Ulaya ya kaskazini. Barafu ikifunika bwawa, oksijeni huisha, naye hukaa hivyo miezi akigeuza asidi ya misuli kuwa pombe inayotoka kwa matamvua. Hapa kwetu hatuna wa namna hiyo.

Ziwa Tanganyika linapata joto. Dagaa watazoea?

Joto lenyewe dagaa wanalimudu kwa sasa. Shida iko kwenye chakula. Ziwa hilo lina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba imejaa chini kusiko na oksijeni. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, rutuba haipandi, mwani hupungua, na dagaa na migebuka hupungukiwa. Mwili hauwezi kuzoea njaa. Watu wa Kigoma, Bujumbura, Uvira na Mpulungu wanakula kutoka meza hiyo moja.

Je, ukoo wa samaki unaweza kubadilika haraka kiasi cha kutufaa?

Wakati mwingine. Furu wa Ghuba ya Mwanza aitwaye *Haplochromis pyrrhocephalus* alikaribia kutoweka miaka ya 1980 sangara walipojaa na oksijeni ilipopungua. Aliporudi miaka ya 1990, watafiti walipima matamvua yake wakakuta eneo la kupumulia limekua kwa takriban asilimia 64 kulinganisha na wa zamani, ndani ya miongo miwili tu. Habari hiyo hunipa moyo. Lakini huyo ni mmoja aliyepona. Furu wa aina zipatazo 200 wanaaminika kupotea ziwani humo, na matamvua yao hayakupata muda wa kukua. Wanaoweza kubadilika haraka ni wale walio wengi kwa idadi, wenye tofauti nyingi kati yao, na wenye maisha mafupi. Sangara mkubwa au papa anayezaa akiwa na umri wa miaka mingi hawezi kwenda kwa mwendo huo.

Nina uwezo wa kununua kifaa kimoja tu. Ninunue nini?

Kipima oksijeni ndicho bora, ila bei yake huwashinda wengi. Kikikushinda, nunua kipimajoto, na utengeneze kisahani cheupe cha kupimia ukungu wa maji: kifunge kwenye kamba, kizamishe, na pale kinapopotea machoni pima kina. Kikipotea kabla ya sentimita 20 kwa sababu ya ukijani, bwawa lina mwani kupita kiasi na alfajiri zako ziko hatarini. Pima joto mara mbili, kabla ya jua kuchomoza na saa tisa alasiri, na uandike kwenye daftari pamoja na saa uliyopima na jinsi samaki walivyokula siku hiyo.